Hizo Kilomita Zako za Karura Zililipiwa

Wikendi hii sina posti ya viatu wala ya nani alimaliza kilomita 21 bila kutembea. Nina historia kidogo, halafu nina maoni, na maoni yenyewe ni haya: ukikimbia Karura na mbogi yako na mbwa wenu, hamfanyi mazoezi tu. Mnalinda ardhi, hata kama hamjui.

Najua kuna wenye watacheka. Kwao safari ngumu ni Longonot, mita 2,776, vumbi mdomoni na jua kichwani ukizunguka ukingo wa kreta. Ama Ngong, ambako unashuka kilima ukidhani umemaliza, halafu unaona kingine mbele na upepo unakusukuma urudi nyumbani. Sawa. Lakini wengi wetu miguu ya kwenda huko tunaitengenezea Karura. Kile kipande cha kupanda kutoka kwenye maporomoko kimenyamazisha watu wengi wenye mdomo. Kwenye mbogi yetu, mwenye hubaki na nguvu ya kupiga kelele hapo ni Chapo peke yake, na Chapo ni mbwa.

Haya, turudi nyuma.

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, enzi za mkoloni. Ni zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, sehemu kubwa ikiwa kati ya Limuru Road na Kiambu Road. Lakini watu waliujua msitu huu kabla ya karatasi za mkoloni. Sikiza tu majina ya mito yake, Ruaka na Gitathuru, utajua ni akina nani waliita mito hiyo kwanza. Na yale mapango unayopigia selfi? Inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo.

Uhuru ukaja, msitu ukabaki wa umma. Tatizo ni kwamba umma wenyewe haukuwa ndani. Kwa miaka mingi Karura ilikuwa jina la kutisha. Waulize wazazi wako: huko kulikuwa kwa majambazi, mahali mtu akipotelea hamuulizi sana. Nani angeenda kukimbia huko na mbwa? Hakuna.

Na mahali pa umma pasipo na umma ni rahisi kuibiwa. Hiyo ndiyo sentensi naomba ubaki nayo.

Miaka ya 90 ardhi ya umma Kenya iligawanywa kama njugu karanga. Ukiwa na mtu mkubwa, ulipata kipande. Karura, iliyopakana na mitaa ya pesa kama Muthaiga na Runda, ilikuwa minofu. Mamia ya hekta zikakatwa kwenye makaratasi na kupewa watu binafsi, kimya kimya. Mwaka wa 1998 ndipo habari zikamfikia Wangari Maathai na vuguvugu lake la Green Belt kwamba miti inaangushwa na ujenzi umeanza ndani.

Huyu mama hakuwa mgeni wa vita kama hizi. Alianzisha Green Belt mwaka wa 1977, wanawake wakipanda miche. Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alipinga, akatukanwa hadi bungeni, lakini jumba halikujengwa. Kwa hivyo Karura ilipofika, alijua kazi.

Silaha yake ilikuwa miche. Nyinyi mnaangusha, sisi tunapanda. Tarehe 8 Januari 1999, yeye na wenzake, wakiwemo wabunge na wanahabari, walienda kupanda mti kwenye geti la msitu. Wakakuta wanaume karibu 200 wanawangoja, na marungu, mijeledi na mapanga. Walipigwa. Wangari alipasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi damu ikimtiririka, na taarifa yake akaitia sahihi kwa damu hiyo hiyo.

Kupanda mti mmoja tu. Kwenye msitu wa umma.

Halafu kuna sehemu ya hadithi hii ambayo watu husahau, na ndiyo inatuhusu sisi zaidi. Mwishoni mwa mwezi huo, wanafunzi wa vyuo vikuu walijitokeza kuitetea Karura na wakakabiliana na polisi. Hao walikuwa umri wetu. Hawakuwa na intaneti mfukoni, hawakuwa na wafuasi, na wengi wao sidhani walikuwa wamewahi kukimbia hata kilomita moja ndani ya huo msitu. Walitoka tu kwa sababu waliona kitu chao kinachukuliwa.

Kelele hizo zilizaa matunda. Agosti 1999 Rais Moi alipiga marufuku ugavi wa ardhi ya umma. Mwaka wa 2004 Wangari akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki Septemba 2011.

Lakini kuokoa msitu ni jambo moja, kuujaza watu ni jambo lingine. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali, na chama cha Friends of Karura kikatokea hapo. Ukawekwa ua wa umeme kuzunguka msitu. Vijana wa Huruma, ile ya kando ya msitu, si ile ya Eastlands, wakapewa kazi ya ulinzi. Vijia vikafunguliwa. Pole pole watu wakaingia: wa baiskeli, wa kukimbia, wa mbwa, wa mahaba. Hata mbega, wale tumbili weusi wenye joho jeupe, wakaletwa kutoka Kipipiri kuishi hapo.

Ndiyo maana mimi hukasirika nikiona mtu amemfungua mbwa wake kamba eti "acha ajiachilie". Buda, huyo paa anayekimbizwa na mbwa wako ni sehemu ya kile watu walipigiwa. Chapo ana nguvu ya kumwangusha mtu mzima, na bado anakimbia kilomita 15 akiwa na kamba, amefungwa kiunoni mwa mwenyewe. Kama Chapo anaweza, wako pia anaweza.

Sasa, kuna lawama moja naisikia kila mara na siwezi kuipuuza: ati Karura ni ya mababi. Kuna kiingilio, kuna nauli, na ukifika unakuta magari makubwa na mbwa wanaokula vizuri kukuliko. Ni kweli. Lakini mimi nasema hiyo ni sababu ya kwenda. Wale akina mama wa miche hawakupigwa mapanga ndio msitu uwe uwanja wa nyuma wa Runda. Ulikuwa wa mtu wa Kayole pia. Tukiuacha uwe wa watu wachache tena, siku karatasi zitaanza kutembea, watakaopiga kelele watakuwa wachache pia.

Angalia tofauti. Mwaka wa 1998 wajenzi waliingia msituni bila mtu kuwaona. Leo mti ukianguka alfajiri, kuna mtu anapita hapo na mbwa saa kumi na mbili na nusu, na ana simu. Kufikia saa nne nchi nzima inauliza maswali. Huo ndio ulinzi, na unatokana na nyayo za watu wa kawaida.

Kwa hivyo wikendi ijayo usiende na wale wale wa kila siku. Bebana na binamu yako ambaye hajawahi kuingia. Changianeni kiingilio. Mwende pole pole, mpumzike kwenye maporomoko, mmwonyeshe pango, mmwambie kuhusu tarehe 8 Januari. Mlima atalalamikia, huo hauna dawa. Lakini akirudi nyumbani miguu ikimuuma, atakuwa na kitu cha kutetea.