Kinanda na Wapigaji Wake

Tunapoimba shangwe za jubilii, tumkumbuke pia yule anayeketi akitupa mgongo kila Jumapili: mpiga kinanda.

Makanisa mengi ya misheni yalianza na kinanda kidogo cha kukanyaga. Hakikuhitaji stima. Mpigaji alikanyaga padeli, mivukuto ikavuta hewa ipite kwenye ndimi za shaba, nazo zikalia. Miguu ikichoka, wimbo ukazimika.

Mjini Nairobi, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote lina kinanda cha mabomba. Humo kila bomba hutoa noti moja tu: refu hunguruma, fupi hulia kwa sauti nyembamba, na besi hupigwa kwa miguu. Jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa na Gavana Henry Belfield tarehe 3 Februari 1917, kwa ramani ya Temple Moore wa Uingereza. Moore alifariki mwaka wa 1920, na kanisa likawekwa wakfu mwaka wa 1952. Walioanza kazi si wote walioiona ikikamilika.

Mbona basi waimbaji ni wengi na wapigaji ni haba? Kwaya zetu zilijifunza kwa solfa, njia iliyobuniwa na mwalimu Sarah Glover na kuenezwa na mchungaji John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Kwa do, re, mi ubaoni, wakulima na wanafunzi waliimba sauti nne hata pasipo kinanda. Hiyo ilikuwa baraka kubwa. Lakini mpigaji hupita njia nyingine: husoma noti za mistari, huhitaji mwalimu, na zaidi ya yote huhitaji kinanda cha kufanyia mazoezi. Chuo cha muziki kimekuwapo Nairobi tangu mwaka wa 1944, ila si kila mzazi anayemudu karo.

Kinanda kikiharibika, fundi hutafutwa. Mpigaji akizeeka bila mrithi, hakuna duka la kumnunua mwingine. Basi shukrani yetu ya jubilii iwe hii: tuwasomeshe vijana wawili, na kanisa lifunguliwe siku za kazi wapate kufanya mazoezi. Watakosea noti, tuwavumilie, kama sisi tulivyovumiliwa.