‘Yeye’ wa Stockholm na neno tunaloliogopa

Juzi mwanafunzi wangu alikuwa akitafsiri makala ya historia ya sanaa, akakwama kwenye neno moja tu: ‘Hon’. Ni neno la Kiswidi lenye maana ya ‘yeye’, lakini yeye wa kike pekee. “Mwalimu, si niandike ‘yeye’ tu, yaishe?” akaniuliza.

‘Hon’ ni sanamu iliyojengwa mwaka wa 1966 katika makumbusho ya Moderna Museet, jijini Stockholm, Uswidi. Aliyeibuni ni Niki de Saint Phalle, mzaliwa wa Ufaransa, akishirikiana na Jean Tinguely na Per Olof Ultvedt. Ilikuwa sanamu ya mwanamke mjamzito aliyelala chali, magoti juu, rangi zikimeremeta, urefu wake zaidi ya mita 20. Watu waliingia tumboni mwake kupitia katikati ya mapaja. Ndani ya titi moja mlikuwa na baa ya maziwa! Miezi mitatu hivi baadaye, ikabomolewa.

Kwa karne nyingi, wachongaji wa Ulaya, wengi wao wanaume, walikuwa wamechonga mwili wa mwanamke ili utazamwe. Huyu wa Stockholm aliwageuzia kibao: mtazamaji ndiye aliyekuwa mdogo. Isitoshe, jina kamili la sanamu lilimwita kanisa kuu.

Sasa turudi kwa lugha. Tunajivunia kwamba ‘yeye’ yetu haibagui jinsia. Hapa, hata hivyo, inaficha kile kile alichokusudia msanii kukianika.

Kumbe hata mimi nimeficha! Hebu rudi juu usome tena: “katikati ya mapaja”. Mlango ule una jina, nalo ni uke. Neno lilo hilo pia ni hali ya kuwa mwanamke. Mzizi wake ni ule ule wa ‘mwanamke’ na ‘kike’. Hakuna tusi ndani yake. Lakini shuleni na nyumbani twakimbilia ‘sehemu za siri’, na siri hiyo ina gharama. Msichana asiyefundishwa jina la kiungo chake atamwelezaje daktari anakoumwa? Atamshtakije aliyemdhuru?

Nilimshauri mwanafunzi aandike ‘Yeye Mwanamke’, kisha autaje mlango kwa jina lake. Alicheka kwa haya, akainama, akaandika: “uke”.

Nami leo nimeandika.