Serendipity si bahati tu

Wanaojijengea msamiati mpana wa Kiingereza huandika daftarini: serendipity, bahati njema. Maana hiyo ina upungufu, nao unaniuma. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alilibuni neno hili katika barua ya Januari 28, 1754, akilitoa kwenye hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la kale la Sri Lanka. Walikuwa wakigundua mambo wasiyoyatafuta, kwa nasibu na kwa werevu pia. Werevu huo ndio unaosahaulika, kwa hiyo daftari lihifadhi sentensi nzima yenye neno hilo, si tafsiri yake tu. Kwa mfano, aliyeokota noti njiani ana bahati tu. Lakini mwanasayansi Alexander Fleming, mwaka 1928, alikuta kuvu imeua bakteria kwenye kisahani cha maabara, akachunguza sababu badala ya kukitupa. Hapo neno linafaa.