Hiyo Divai Ilipiganiwa

Wadau, ukiskia mtu akisema divai nyekundu ya Corbières inaenda poa na cassoulet, yale maharagwe meupe ya kusini mwa Ufaransa yanayopikwa polepole na nyama ya bata na soseji, hajakosea. Ukali wake unakata mafuta. Lakini hiyo glasi ina historia.

Mwaka wa 1907 divai ya huko haikuwa na bei. Soko limejaa, na wajanja wanauza feki ya maji na sukari. Mkulima wa zabibu analala njaa. Machi 11, wakulima 87 wakiongozwa na Marcelin Albert wa kijiji cha Argelliers wakaandamana hadi Narbonne. Kufikia Juni, mamia ya maelfu walijaa Montpellier. Serikali ya Clemenceau ikatuma jeshi, na Narbonne watu wakapigwa risasi wakafa. Wanajeshi wa Kikosi cha 17, wengi wao watoto wa wakulima haohao, wakaasi.

Juni 29, sheria ya kuzuia divai feki ikapita.

Sasa mtu asiniambie wakubwa huamka tu siku moja wakamhurumia mkulima. Walisukumwa, na kuna waliolipa kwa maisha yao.