Safu ya Lugha: Yoga si uyoga

Ndani ya matatu ya Kitale kwenda Saboti, mama mmoja alikuwa akimkanya bintiye: "Yoga ni ibada ya miungu." Binti akajibu, "Mama, ni kujinyoosha tu." Mzee wa kiti cha nyuma akauliza uyoga umepatikana wapi na mvua haijanyesha. Nilimpenda huyo mzee.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, kutoka mzizi yuj, kufunga pamoja. Mkulima wa Trans Nzoia aliyewahi kulima kwa maksai haelezwi zaidi: ni nira. Na huyo mama anaijua nira kutoka Injili ya Mathayo, pale Yesu anapowaita waliolemewa na mizigo.

Binti naye amepunguza mno. Kujinyoosha huko huitwa asana, na katika hatua nane za yoga za Patanjali, mwalimu wa kale wa Kihindi, ni ya tatu tu. Kwa Mhindu anayezifuata zote, yoga ni njia ya kiroho, wala si adabu kumwambia ni mchezo wa viungo. Ila ibada humtaka mwenye kuabudu. Kukunja goti peke yake si kusujudu. Anayejifunza mikao na kupumua aseme anafanya mazoezi ya yoga, aende zake kanisani au msikitini.

Akitulia na kuwaza, tuna neno tafakuri. Akizama zaidi, taamuli. Dhikri tusiiguse: hiyo ni kumtaja Mungu, na mwalimu wa mikao hajaiomba.