Asipite Mtu

Juni 25, 2009, jijini New York, timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, akiwa wa pili kati ya wote waliosubiri kuingia NBA mwaka huo. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, mrefu kuliko darasa zima, na tangu wiki ile sikuulizwa tena nataka kucheza nafasi gani.

"Wewe ndiye Thabeet wetu," kocha aliniambia. "Kaa chini ya kikapu. Asipite mtu."

Usiku uleule, nafasi tano baada ya Thabeet, Golden State Warriors walimchukua kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry. Kwetu hakuna aliyemzungumzia.

Kwa miongo mingi swali la ulinzi lilikuwa moja: nani anakaa chini ya kikapu? Mtupo wa karibu ndio unaoingia kwa urahisi, kwa hiyo ukuta ulijengwa pale. Dikembe Mutombo wa Kongo alitajwa mlinzi bora wa NBA mara nne kwa kazi hiyo. Alizuia mitupo 3,289, na waliothubutu aliwatikisia kidole.

Mstari wa pointi tatu ulikuwepo NBA tangu msimu wa 1979/80, ila msimu huo timu ilirusha kutoka huko chini ya mara tatu kwa mechi. Wengi waliuona pambo tu. Lakini piga hesabu. Anayeingiza nusu ya mitupo ya pointi mbili anapata pointi 100 kwa mitupo 100. Anayeingiza 34 tu kati ya 100 ya pointi tatu anapata 102. Hesabu ya shule ya msingi, lakini ilichukua zaidi ya miaka 30 kuaminiwa na wote. Msimu wa 2015/16 Curry aliingiza pointi tatu 402. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha hata 300.

Walinzi wakabaki na mtihani: mshika mbili, moja humponyoka. Msimu wa 2018/19 Milwaukee Bucks walishinda mechi 60 kwa kumwacha Brook Lopez karibu na kikapu na kukubali wapinzani warushe kutoka mbali. Katika fainali ya kanda ya Mashariki waliongoza 2-0 dhidi ya Toronto, kisha wakapoteza mechi nne mfululizo. Katika mechi ya tano Fred VanVleet aliingiza pointi tatu saba kati ya tisa alizorusha. Bucks hawakumtupa Lopez. Walijifunza kubadilishana watu wa kukaba pale ilipobidi, na mwaka 2021 walitwaa ubingwa naye akiwa bado pale chini.

Nasi tulikuwa na Toronto yetu. Mwisho wa mwaka ule wa 2009, kwenye uwanja wa saruji, tuliongoza kwa pointi mbili zikiwa zimebaki sekunde chache. Mstari wa pointi tatu ulikuwa mita 6.25, kabla FIBA haijausogeza hadi 6.75 mwaka uliofuata, na rangi yake ilikuwa imefutika nusu. Mpinzani wao aliingia kwa kasi. Mwenzangu aliyekuwa anakaba kona akakimbilia ndani kunisaidia. Mpira ukatolewa kona, kwa kijana asiye na mtu.

Hakupita mtu. Mpira ulipita juu yetu sote.

Mwenzangu alilaumiwa hadi tukamaliza shule, nami sikumtetea, kwa sababu nilikuwa nimetekeleza nilichoagizwa. Leo najua kwamba lazima mmoja wao angebaki huru. Kosa letu ni kwamba hatukuwahi kukaa tukakubaliana awe nani, kwa kuwa kila mtu aliamini urefu wangu unatosha. Thabeet alicheza mechi yake ya mwisho NBA msimu wa 2013/14. Mwenzangu yule nilimpigia simu mwaka jana. Nilianza na samahani.