KUPIGWA MSASA: Historia ya Ulaini wa Meza Yako na Mastaa Wake Wasiotajwa

Hapa kijiweni tumezoea staa asiyetajwa jina, watu mnakisia weee mpaka usiku wa manane. Leo naleta mastaa ambao hata mkikisia mwaka mzima hamtawapata, maana hakuna aliyewahi kuandika majina yao popote. Ila kazi yao unaigusa kila siku: ukiweka simu mezani, ukifungua kabati, ukijitupa kitandani. Ni watu waliofanya mbao iwe laini.

Tuanze na neno lenyewe. Kwenye magazeti kila siku unakuta "madiwani wapigwa msasa", "walimu wapigwa msasa". Wengi tunajua msasa ni ile karatasi ya kukwaruza inayouzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Lakini msasa kwanza ni mti, bana. Ni ndugu wa mkuyu, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kabla karatasi haijafika, fundi alichuma jani akasugulia mbao. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani. Kwa hiyo kila diwani anayepigwa msasa anasuguliwa na jani la porini bila kujua, na aliyekuwa wa kwanza kuliweka jani lile kwenye mbao hatumjui.

MBAO INA MATUNDU KWA NINI?

Mti ukiwa hai unakunywa maji. Maji yanapanda kutoka kwenye mizizi kupitia mirija midogo ndani ya shina. Ukiukata mti na kuupasua, ile mirija inabaki wazi juu ya mbao. Ndiyo yale matundu na vimistari unavyoviona.

Kila mti na tabia yake. Mpingo matundu yake ni madogo mno, ndiyo maana ukiusugua unang'aa kama kioo. Mninga na mvule, matundu yake unayaona kwa macho. Mtiki, ambao wazee wa pwani wanauita msaji, matundu yake makubwa yamejipanga kwenye duara, duara moja kila msimu mti unapoanza kukua upya. Huko Ulaya kuna mwaloni, mti ambao wengi tunaujua kwa jina tu kutoka kwenye Biblia, na wenyewe umejipanga hivyohivyo.

Sasa ukipaka vanishi moja kwa moja juu ya mbao kama hiyo, vanishi inazama kwenye matundu. Ikikauka, uso unakuwa na vishimo kama mtu mwenye makovu ya chunusi. Dawa ni kujaza. Dada zangu mtanielewa haraka: kabla ya poda, lazima kuwe na kitu cha kuziba vinyweleo, la sivyo mekapu yote inaharibika saa tano asubuhi. Fundi naye anapaka kijazio, anakisukuma kwa kitambaa huku akiikata mistari ya mbao. Akiifuata mistari, kitambaa kitakichomoa tena kile alichojaza. Anaacha kikauke, anapiga msasa, ndipo vanishi inafuata.

ZAMANI TULIJAZA ILI TUSIZAME

Pwani yetu ilijua kujaza mbao muda mrefu kabla ya meza za sebuleni. Fundi wa majahazi alichukua pamba iliyochovywa mafuta akaigongelea kwenye mwanya kati ya ubao na ubao. Hiyo ndiyo kalafati. Chini ya chombo akapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama. Juu mbao zikanyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake ukishaisikia mara moja huisahau. Hapo urembo haukuwepo. Ukijaza vibaya, watu wanakufa maji.

Milango ya nakshi ya Unguja nayo ina stori yake. Mingi ilichongwa kwa msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka India. Mlango wa nje unapigwa jua na mvua, kwa hiyo ulihitaji mafuta kuliko uso wa kioo. Nenda Mji Mkongwe leo, pitisha kidole kwenye mlango wa kale. Mistari ya mbao utaisikia.

HALAFU TUKAJAZA ILI MBAO IONEKANE

Uso wa kioo ulianza kusakwa na watu wa sebuleni. Uingereza, mwaka 1803, Thomas Sheraton aliandika jinsi mafundi walivyosugua samani kwa mafuta ya kitani na unga wa tofali. Unga na mafuta vilishikana kama ute mzito, vikazama kwenye matundu, na mbao ikaanza kung'aa. Yeye jina lake limebaki kwa sababu aliandika kitabu. Waliokuwa wanasugua mpaka mabega yanauma, hakuna anayewajua.

Karne hiyohiyo ikashika kasi polishi ya laki. Laki inatokana na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa India. Utomvu wao unayeyushwa kwenye spiriti na kupakwa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka matundu yanajaa. Neno letu la lakiri, ile nta ya kupigia mihuri, ni la ukoo huohuo. Na nyie wapenzi wa muziki, sikieni hii: santuri za zamani zilitengenezwa kwa laki hiyohiyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilirudi Unguja ikiwa imechorwa kwenye kitu kilekile kinachong'arisha kabati. Siti tunamjua. Fundi wa kabati la jirani yake, hapana.

KEKO, MJI WA VUMBI TAMU

Sasa twende Temeke. Mtu wa Dar akisema anatafuta kitanda cha mbao, kabla hajamaliza sentensi ataambiwa nenda Keko. Pale historia yote niliyoisimulia utaikuta imepangwa barabarani. Fundi anachekecha vumbi la mbao ileile anayotengenezea, ili rangi ifanane, analichanganya na gundi, anaziba nyufa na vichwa vya misumari. Kwa yale matundu madogo anatumia sanding sila iliyochanganywa na thina. Anapaka, inakauka, anapiga msasa, anapaka tena. Msasa wenyewe una namba, na namba ikipanda ndivyo unavyokuwa laini. Mwisho kinakuja kompresa, vanishi inapigwa kama ukungu.

Ule ukungu na lile vumbi kuna mtu anavivuta. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukipita karakana nyingi za kitaa utamkuta dogo anapiga msasa kutwa nzima, kajifunga fulana puani. Ule ulaini unaousifia Insta, sehemu ya gharama yake ipo kwenye mapafu ya dogo huyo.

SASA TUNAJAZA ILI MBAO ISIONEKANE

Hapa ndipo penye utata, wadau. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti kuhusu misitu kuanzia kilomita 10 hadi 220 kutoka Dar. Watafiti walilinganisha hali ya mwaka 1991 na ya 2005. Wakakuta ukataji wa mbao za thamani ulikuwa unasogea mbali na jiji kilomita 9 kila mwaka, na mkaa unafuata nyuma kwa kilomita 2. Piga hesabu: miaka 14 mara 9 ni kilomita 126. Ni kama kutoka Posta mpaka uipite Chalinze. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, Daraja la Mkapa likafunguliwa pale Rufiji, na lori la kutoka kusini halikuhitaji tena kusubiri kivuko.

Mninga ukienda mbali, bei inapanda. Lakini sisi wateja hatukubadilika. Tunataka sura ya mninga kwa bei ya paina. Basi fundi anachukua paina ya Mafinga, anaitia rangi ya kahawia yenye wekundu, anapiga sila na vanishi mpaka hujui chini kuna nini. Mwenge nako kwenye vinyago ni mchezo wa siku nyingi: mti wa kawaida unapakwa rangi nyeusi ya viatu, mtalii anaondoka na "mpingo".

Paina yenyewe haina kosa. Ni mti wa kupandwa, ukivunwa unapandwa mwingine, na kila kitanda cha paina kinaweza kuuacha mninga mmoja porini uendelee kukua. Rangi nayo haina kosa. Kosa ni jina. Fundi akisema "hii ni paina, nimeipaka rangi ya mninga", huyo kafanya kazi halali na anastahili hela yake. Akisema ni mninga, hapo kijazio kimeacha kuwa ufundi, na anayeumia siyo wewe tu. Fundi wa jirani anayeuza mninga wa kweli anaonekana tapeli kwa sababu bei yake iko juu.

Kwa hiyo ukienda kununua, usipapase juu tu. Vuta droo, angalia nyuma yake. Pindua kiti. Tafuta kichwa cha mbao, pale ilipokatwa kwa msumeno: mninga una vitundu, paina haina vitundu hivyo, ina duara za rangi mbili na mara nyingi vifundo. Nyanyua, maana mninga ni mzito. Halafu muulize fundi wazi ni mbao gani, na mwambie akuandikie kwenye risiti. Mkishamaliza, muulize na jina lake, ulitunze.

Haya, nenda kapindue stuli ya kwenu sasa hivi, halafu shuka kwenye komenti utuambie umekuta mbao gani. Na kama fundi wako unamjua kwa jina, mtaje. Leo ruksa.